Shika Joshi

Gerishom wa Vihiga hakuwahi kupanda hata mtumbwi, lakini mwaka 2014, katika ghala letu kule Dubai Investments Park, hakuna mlinzi aliyemshinda kwa mchezo wa vita vya merikebu za matanga. Meneja wetu, Mwingereza tuliyemwita sir, ndiye aliyetufundisha. Kila Ijumaa alasiri alipanga manowari za mbao kwenye meza ya kulia. Dadu ziliamua mizinga inapiga wapi na upepo unageuka lini.

Ijumaa ile Gerishom alicheza roho mkononi. Mkewe Everlyn alitarajia kujifungua mtoto wao wa kwanza mwezi wa nane, naye likizo yake ilikuwa Desemba. Sir alikuwa amesema mbele yetu sote kwamba Gerishom akimshinda, atakwenda likizo Agosti.

Kila upande ulikuwa na merikebu mbili. Moja ya zile za sir iliendeshwa na karani wa ofisi, Mhindi mpole aitwaye Joshi. Kabla hawajaanza, mimi Aboud, dereva, mtu wa Lamu, nilimwinamia Gerishom sikioni.

"Shika joshi, usiachie."

Kwetu joshi ni upande upepo unakotoka. Aliye huko ndiye anayechagua lini apigane. Kumbe mwenzangu wa bara amesikia jina la mtu. Aligeuza merikebu zake zote mbili, akateremka na upepo moja kwa moja kumwendea karani.

Nilijiona mjinga wa mwisho. Na mchezo ukishaanza, mtazamaji haruhusiwi kusema neno. Sir alibaki upande wa upepo, akamtandika kutoka nyuma. Merikebu moja ikazama. Ya pili iliikamata ile ya Joshi, lakini yenyewe ilikuwa imebakiza pigo moja tu izame.

Sir akarusha dadu ya upepo. Sita. Upepo ukageuka kabisa, merikebu yake ikasimama matanga yamelala, tezi, yaani nyuma yake, wazi mbele ya mizinga ya Gerishom. Gerishom akarusha zake. Tano, sita, sita. Manowari ya sir ikazama.

"Ni mchezo tu, Gerishom," sir alisema akikusanya mbao zake. "Desemba si mbali."

Nilitaka kuinuka nimkumbushe ahadi yake. Lakini aliyeinuka ni Joshi, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga mtu. Alikwenda ofisini, akarudi na fomu ya likizo ya Agosti imeshajazwa, akaiweka mbele ya sir pamoja na kalamu.

"Mimi ni mateka wake, sir. Lazima nifanye kazi yake."

Watu wakaangua kicheko, na sir, uso umemwiva, akatia sahihi. Gerishom alisoma tarehe mara mbili, akakaa sakafuni akalia bila haya. Kisha akanishukuru kwa kumwambia amshike Joshi. Mtoto wa watu anakwenda kumpokea mwanawe, nianze kumfundisha upepo?