Mke Wangu Anapumua kwa Mivukuto ya Mwanamume Mwingine

Kamwene, wasomaji. Mimi ni mzee wa miaka kama sabini, kwangu ni karibu na Yakobi, hapa Njombe, na mwenye ukurasa ameniahidi kulificha jina langu. Vita vya Maji Maji nimevipita nikiwa kijana. Mjerumani nimempita, na mizigo yake nilibeba mpaka wenzangu wakafia njiani, mimi nikarudi na meno yangu yote. Nimeipita homa ile iliyofagia vijiji, nimepita nzige na njaa. Huyu Mwingereza naye nitampita. Rika langu lote nimelizika, amebaki mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mtu huyo ni mhunzi. Zamani tulimposa msichana mmoja. Yeye alileta majembe aliyoyafua mwenyewe, mimi nikaleta ng'ombe, na baba wa binti alikuwa na macho. Binti huyo ndiye mke wangu mpaka leo.

Mwaka juzi mtoto wetu wa mwisho alitaka kwenda mashamba ya mkonge. Mama yake alikataa. Mimi nikasema mwanangu hafungwi jikoni, nikampeleka Makambako na kumpandisha lori kwa mikono yangu. Hakurudi. Ilikuja barua tu kwamba ameugua, amefariki, amezikwa hukohuko. Mama yake akaanza kulia pale njiani tulipoisoma, nikamwambia anyamaze, mke wa mtu kama mimi halii barabarani. Akanyamaza. Kifua kikambana tangu siku hiyo. Chakula hakishuki, akitembea kidogo anashika ukuta kama amepanda mlima. Dawa za mizizi nilizichemsha mwenyewe, na katika mizizi hakuna anayenishinda Njombe nzima, lakini hazikumfaa.

Kisha nikaona amebadilika. Anakula, anateka maji, siku moja nikamsikia anaimba wimbo wa kanisani. Nikauliza watu, nikaambiwa kila Jumatano mchana anakwenda kwa mhunzi. Ndugu zangu, wivu ulinishika.

Jumatano nikamfuata na fimbo. Nje ya banda nikasikia pumzi za mke wangu, anavuta, anatoa, anaguna. Nikaupiga mlango teke. Ndani walikuwa wanawake wanne wamelala chali mikekani na nguo zao zote, mkono mmoja tumboni, mwingine kifuani, na mmoja wao ni mke wa mwinjilisti. Mhunzi yuko kule mwisho, amewapa mgongo, anavukuta mivukuto yake taratibu. Ngozi ikijaa, nao wanajaza tumbo. Ngozi ikishuka, nao wanaitoa pumzi polepole kwa mdomo mpaka iishe. Mke wangu alikuwa anatetemeka mwili mzima na machozi yanamwingia masikioni. Mhunzi hakugeuka. Alisema tu, "Mwenzangu, fimbo iache mlangoni. Mkeka mmoja uko wazi."

Mke wa mwinjilisti akacheka mpaka pumzi ikampotea. Nikamshika mke wangu mkono, tukaondoka, na nikampiga marufuku kurudi pale.

Watu wanasema mhunzi aliigundua kazi hiyo alipofiwa na mkewe. Alikuwa anavukuta, akajikuta anapumua pamoja na ngozi, kifua kikafunguka, akalia mpaka chuma kikapoa. Mimi nikasema kama ni kupumua, nani asiyejua? Nikamlaza mke wangu uani, nikasimama juu yake kama askari wa zamani, nikamwamuru: vuta, toa, vuta, toa. Akakohoa mpaka akakaa. Nikamwambia hajitahidi.

Akanitazama. "Mzee, wewe unaniamuru. Yule hata haniangalii. Na nikilia kule, hakuna anayeniambia ninyamaze."

Miaka zaidi ya thelathini nimekula naye sahani moja, lakini machozi ya mwanangu ameyapeleka kwa mtu wa majembe. Hilo ndilo linaloniuma. Ningemkuta na kosa ningejua la kufanya.

Sasa mwezi umepita na kifua kimembana tena, kuliko mwanzo. Uji anausukuma pembeni. Juzi ameniambia maneno mawili tu: nimruhusu aende, au twende wote nikalale mkeka ule ulio wazi.

Nitawaambia jambo ambalo yeye halijui. Wiki iliyopita nilipokuwa nachunga, nililala chali chini ya miti ya miwati, nikaweka mkono tumboni nijaribu. Pumzi ya nne au ya tano nikamwona mwanangu juu ya lori, ananipungia kofia. Nikasikia machozi yanakuja. Nikainuka haraka nikafukuza ng'ombe ambao hawakuwa wamekwenda popote.

Nishaurini. Nikimzuia, namzika. Nikimruhusu, mhunzi amenishinda. Nikienda, nitalala chali mbele ya mtu niliyemshinda, na ninajua kitakachotoka. Nifanye nini?

Msiodhani ni kweli muulizeni mwinjilisti wa hapa Yakobi, na shemeji yangu aliyeolewa Kitandililo. Muulizeni hata mhunzi mwenyewe. Tangu tukiwa watoto sijawahi kumsikia akisema uongo, na hilo nalo linaniudhi.