Mchukuzi wa Stesheni

Mume wangu alikuwa mchora mabango. Duka lolote la Korogwe lililoandikwa "Karibu Wateja" kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, huo ulikuwa mkono wake. Tulipanga chumba Kilole. Hatukujaliwa mtoto, redio hatukuwa nayo, na jioni zilikuwa ndefu. Ndipo alipoanza kumchora yule mtu.

Alimwita Mchukuzi. Mchana alibeba mizigo stesheni kama wachukuzi wenzake, amevaa gunia kichwani, pembe moja imekunjwa ndani ya nyingine, likamfunika hadi mgongoni. Mtu akionewa, Mchukuzi alilivuta gunia mpaka puani, na hapo hakuna aliyemtambua. Hakuruka angani wala hakuwa na silaha. Alikuwa na mabega na hasira, basi. Mume wangu alimchora kwenye karatasi za mifuko ya saruji, picha baada ya picha, nami niliyefika darasa la nane nikaandika maneno. Jumamosi tulizibandika ukutani kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi.

Katika kisa cha kwanza, kondakta alimteremsha bibi kizee porini kwa sababu kuku wake walipiga kelele. Mchukuzi alimbeba kondakta yule mzima mzima, akamtumbukiza kwenye pipa la maji. Katika cha pili aliyatoa magunia ya sukari yaliyofichwa na mwenye duka, akayapanga barabarani kila mtu ayaone. Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Wakata mkonge wasiojua kusoma waliniomba niwasomee, nikawa naigiza sauti zote: ya bibi, ya kondakta, ya Mchukuzi mwenyewe.

"Shemeji, turudie hapo kondakta anapolia!"

Nikarudia. Sijawahi kufurahi vile tena.

Kisa kikishabanduliwa, madereva wa malori walikichukua wakaenda nacho Handeni. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka, mpaka ikaja operesheni ya serikali ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vipya. Mama yangu aliishi peke yake huko Handeni, kwenye shamba aliloachiwa na baba, la muhogo na michungwa michache. Dereva mmoja alitufuata nyumbani asubuhi.

"Shemeji, kwa mama yako wamebomoa."

Tukapanda lori lake.

Tulikuta kuta tu. Paa lilikuwa limeshushwa, nyasi zimetapakaa uani. Shambani nguruwe pori walikwisha kuufukua muhogo. Tukatembea hadi kijiji kipya, na jua lilikuwa limeanza kushuka tulipompata mama, amekaa ndani ya kibanda cha matawi pamoja na jirani yake wa zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekula?"

Ndilo swali lake la kwanza, na hata chungu hakuwa nacho. Nilimshika mkono nikaona unawaka homa.

Mume wangu alichuchumaa mbele yake. "Mama, twende Korogwe. Chumba ni kidogo, lakini tutabanana."

"Nimeshaandikishwa hapa, baba. Wamesema atakayetoka atarudishwa. Tena muhogo wangu atauchimba nani?"

Tulitazamana, hatukumwambia.

Yule jirani alikuwa akiviangalia vidole vya mume wangu, vyenye rangi kwenye kucha. "Ni wewe unayemchora yule wa gunia? Tulikuwa naye ukutani kwangu, kabla ya kubomoa." Akayatazama matawi ya kibanda. "Huku hajafika."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anavyosema mvua haijanyesha. Mume wangu aliinamisha kichwa.

Mama alikufa kabla ya mvua za masika. Tulimzika kule kule kijijini, pembeni mwa uwanja uliokuwa bado na visiki.

Tuliporudi Korogwe, mume wangu alijaribu. Alimchora Mchukuzi amesimama mbele ya nyumba isiyo na paa, gunia limeshavutwa puani. Picha iliyofuata ilimshinda. Aliketi na kalamu mkononi hadi chakula kikapoa.

"Amkamate nani?" akaniuliza. "Kondakta nilimjua. Mwenye duka nilimjua. Huyu ana sura gani?"

Nilifikiri juu ya waliobomoa. Jirani alikuwa ametueleza kwamba walikuwa mgambo, vijana wa jirani tu, na makwao pia kulikuwa kumebomolewa. Mmoja wao alimsaidia mama kubeba godoro.

Jumamosi ile hatukubandika kitu, wala iliyofuata. Watu waliuliza kwa muda. Kisha njaa ikaingia, zikaja foleni za unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na mtu aliyesimama tangu alfajiri kusubiri unga hana habari na mtu wa kwenye karatasi.

Baadaye mume wangu aliitwa Handeni kuchora vibao vya vijiji vipya. Alikwenda. Kazi nyingine haikuwepo, maana maduka hayakuwa na bidhaa ya kutangaza. Kibao kimoja kilikuwa cha kijiji alikozikwa mama. Aliporudi nilimuuliza kama alipita kaburini.

"Sikuliona," alisema. "Wamelima."

Akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akajilaza kitandani na viatu vyake miguuni. Nami nikaendelea kuchagua mawe kwenye maharage, kwa kuwa sikujua jingine la kufanya.