Jumapili za Kunyoosha Magurudumu

Harufu ya grisi iliyochanganyika na mpira wenye joto hunikamata popote. Juzi ilinikuta hapa Beni, mbele ya fundi mmoja wa magari, nikasimama na kikapu changu cha ndizi kama mtu aliyeitwa jina. Nikawa tena na miaka tisa, kwenye ua wetu wa Butembo, nimeshika ncha ya kamba, na baba amelala chini ya gari.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu. Serikali ilimleta kutoka Kasai, akaoa msichana wa Beni, akanunua kwa mchungaji mmoja mzee gari kuukuu la rangi ya maziwa, lenye pua ndefu. Mjini kote halikuwa na mwenzake. Hata sisi hatukuwa na wenzetu. Majirani walitusalimu vizuri, ila walipoanza kucheka kwa Kinande, lugha ya pale, baba alicheka baada ya wengine kumaliza.

Mwaka ule mama alirudi kwao Beni na mdogo wangu mgongoni. Hakukuwa na kelele. Labda kelele ingekuwa afadhali. Mimi nilibaki kwa sababu ya shule, ndivyo nilivyoambiwa. Nyumba ikajaa sauti ambazo sikuwahi kuzisikia kabla: saa ya ukutani, mvua kwenye mabati, kijiko cha baba kikigusa sahani.

"Papa, tutaenda lini kwa mama?" niliuliza kila juma.

"Gari ikinyooka, Ngalula."

Ni kweli lilikuwa limepinda. Baba akiachia usukani kidogo tu, lilikimbilia kushoto kama mbuzi aliyeona majani, na tairi za mbele zilikuwa zimeliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana. Papa Paluku, fundi wa mtaani kwetu, aliliinua kwa jeki, akatingisha gurudumu kwa mikono miwili, akasikiliza.

"Mwalimu, rotule zimekufa," alisema, akituonyesha vile vifundo vya chuma vinavyoshika gurudumu kama goti linavyoshika mguu. "Tubadilishe hizi kwanza, njo ufanye paralelisme. Kunyoosha magurudumu na rotule ya kulegea ni kama kufundisha mulevi kutembea."

Alizibadilisha. Kazi iliyobaki, ya kunyoosha magurudumu, baba alisema ataifanya mwenyewe, kwa kuwa ni hesabu.

Basi kila Jumapili, tukitoka kanisani, alivua koti, akafunga kamba nyuma ya gari, akaipitisha kando ya magurudumu mpaka mbele, nami nikaivuta ikakazika. Kwa rula yake ya shule alipima nafasi kati ya kamba na gurudumu, mbele na nyuma, akaandika ukutani kwa chaki. Aliingia chini, akazungusha kiungo cha usukani nusu mzunguko, kisha tukalisukuma gari nyuma na mbele ili magurudumu yakae mahali pake, tukapima upya.

"Bado milimita mbili," alisema. Juma lililofuata: bado moja na nusu. Juma lingine zikarudi mbili. Nikinuna, aliniambia, "Haraka inaharibu jibu."

Halafu alichoma viazi, tukavila tumeketi kwenye bampa, akinisimulia mito ya kwao. Nilisikiliza nusu nusu. Akili yangu yote ilikuwa Beni. Nilijiona mtoto mpweke kuliko wote Butembo, na kumbe yule aliyeketi karibu yangu, mwenye grisi mpaka kwenye nyusi, sikumwazia hata mara moja.

Jumamosi moja alinituma kurudisha ufunguo wa kufungulia nati, aliouazima kwa Papa Paluku. Fundi akauliza, "Gari iko namna gani?"

"Ingali inavuta. Baba anasema milimita mbili."

Alikunja uso. "Milimita mbili? Tangu miezi miwili?"

Nikamshika mkono, nikamwomba aje anyooshe yeye. Alikuja, akamwomba baba gari alijaribu, akanipakia mbele, tukaenda mpaka penye barabara iliyonyooka. Akaondoa mikono kwenye usukani. Gari likaenda sawasawa, kimya, kama linavutwa kwa uzi.

Tuliporudi na kumkuta baba uani, Papa Paluku alimwambia taratibu, "Mwalimu, hii gari hapana kuwa na kitu. Iko sawa, na iko sawa tangu zamani."

Baba alikuwa anakunja kamba. Aliikunja yote mpaka mwisho, polepole.

"Basi," alisema. "Kesho tutaenda."

Niliimba njia nzima. Yeye alishika usukani kwa mikono miwili ingawa haukuhitaji kushikwa. Kwenye kizuizi askari alilisifu gari kwa Kilingala, baba akamjibu kwa kichwa tu.

Mama alitoka jikoni na unga wa muhogo mikononi, akanikumbatia hivyo hivyo. Nilisubiri apande garini. Badala yake, baba alifungua buti akatoa sanduku. Lilikuwa langu: nguo zangu zote, zimepasiwa, madaftari yamefungwa kwa uzi.

"Atasoma huku," mama alisema.

"Nimeongea na mwalimu wake," baba akajibu. Akaniinamia, akanifuta unga shavuni. "Usikilize mama yako." Akageuza gari. Sikulia; nilidhani atarudi kesho.

Alirudi mara mbili tu, kisha serikali ikampeleka jimbo lingine.

Nilishakuwa na watoto wangu siku mama aliponiambia kwamba alimtumia baba habari mwezi ule ule alioondoka: "Uniletee mutoto." Baba alijibu kwamba gari bado halijanyooka, na mama akamwamini, kama mimi nilivyomwamini. Kila milimita mbili zilimpa Jumapili moja zaidi na binti yake. Na mimi ndiye niliyekwenda kumwita fundi.