Nilisomea Kwenye Kamba ya Leso

Leso mpya kabla haijafuliwa hunuka wanga na rangi, na mtu akiifungua mbele yangu, hata hapa Doha kwenye nyumba iliyofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi, mimi narudi Mumias, uani kwa Shangazi Mwanaisha, nimekaa juu ya gunia na ungo wa karanga mapajani. Nilikuwa msichana mkubwa na sijaingia darasani hata siku moja. Sikuwa mgonjwa, na karo haikuwa shida. Baba yangu alikuwa Mwislamu, mama yangu alitoka kwa Wakristo. Walioana wakapendana, na hakuna aliyesema kitu mpaka nilipofika umri wa kusoma. Wajomba wakataka niende shule ya misheni. Ndugu zake baba wakasema huko nitarudi na jina jingine, heri madrasa. Basi vikaanza vikao. Walikunywa chai yetu, wakala kuku wetu, wakaahirisha, mwaka hadi mwaka. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Nyasi nilikuwa mimi, namenya karanga.

Shangazi alikuwa dada yake baba. Aliolewa Mombasa akarudi mjane, na sanduku la leso. Hakuwa mwanamke wa maneno matamu. Msimu ule wa karanga alichoka kuniona nimekaa, na siku ya kufua akazianika leso zote, kamba ikajaa kutoka mlangoni hadi kwenye mpapai, akakishika kidole changu akakipitisha juu ya msemo ulioandikwa upande wa chini wa kila leso, herufi moja moja. Nilijifunza hivyo, vitambaa vikiwa bado vina maji, upepo ukija vinanipiga usoni, na harufu ya sabuni ya mche na ya udongo uliolowa chini ya kamba. Nilimuuliza kama masomo haya ni ya upande wa baba au wa mama. "Ni yako, mjinga wewe," akasema. "Endelea." Mahindi yalipokomaa nilikuwa nasoma leso yoyote, hata iliyo kiunoni mwa jirani anayepita njiani, mpaka nikakatazwa, kwa sababu leso si zote zinasema mema.

Hatimaye wazee wakakubaliana: niende misheni, lakini dini nifundishwe nyumbani. Neno dogo hivyo, nalo lilikula miaka yangu ya kuanza. Siku ya kwanza mwalimu akanipa chaki niandike chochote ninachokijua. Nikaandika kwa herufi kubwa: MTASEMA MCHANA, USIKU MTALALA. Akaona nimemtukana. Baba akaitwa, mjomba mkubwa akaitwa, watu ambao hata salamu walikuwa wanapeana kwa shida. Wakasimama mbele ya ubao. Mjomba akasoma polepole, akamgeukia baba. "Shemeji, hapa tumesemwa sisi." Baba alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Nikabaki shuleni. Lakini maji yaliyomwagika hayazoleki. Nilikaa benchi moja na watoto wanaonifika kiunoni, na nilipofika darasa la nne watu walikuwa wameshaanza kuja kuniposa. Shule yangu ikaishia hapo.

Sasa mwanangu Rehema ni nesi hapa, mumewe ni dereva, nao ni wa dini mbili kama wazazi wangu. Nilikuja hapa Al Wukair, pembeni mwa Doha, kukaa na watoto wao wawili wanapokuwa kazini. Walikubaliana watoto wasomee nyumbani, na mtaala uwe wa kusoma, hesabu na sayansi tu, usio na dini ndani. Nilimwambia Rehema somo lisilomtaja Mungu ni ugali bila mboga. "Mboga tutapika wenyewe, Mama," akanijibu. Ndilo neno lile lile la wazee wa Mumias. Kilichonikera ni kitu kingine. Tangu Ramadhani alikuwa anatafuta mtaala kwenye kompyuta. Huu unafungua sayansi kwa aya, ule una nyimbo za kanisa, huu mwingine ni mzuri lakini labda kuna mzuri zaidi. Joto nje haliruhusu mtoto kutoka, na wajukuu wangu siku nzima wanatazama katuni. Nilianza kusikia tena karanga zikipasuka.

Sikugombana naye. Nilifua leso yangu nikaianika kwenye roshani, nikamwita Amani, yule mkubwa, nikamshika kidole. Alikokota mstari mpaka mwisho: Mchagua jembe si mkulima.

"Kukhu, anaambiwa nani?" akauliza. Kukhu ni bibi, kwa lugha ya kwetu.

"Mama yako. Kamsomee."

Nikamsikia akisoma kule sebuleni, kisha sauti ya Rehema: "Mama! Sasa unanirushia leso?"

"Ikikutosha ivae," nikamwambia. "Mtoto anakua huku unachagua."

Alichagua siku ile ile, na Jumapili, ambayo hapa ndiyo siku ya kwanza ya kazi, wakaanza. Mwaka wao haukuliwa na vikao, na hilo mimi sikulipata. Ila jua la hapa ni kali mno. Mtoto hajafika mwisho wa mstari, leso imeshakauka, imening'inia kimya. Haimpigi usoni.