Sekunde Nilizompunguzia Papa

Papa, ndivyo tulivyomwita baba yetu, alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu Kaskazini, na hakuwa na subira hata na ugonjwa. Mapafu yalipomharibikia, tulimnunulia mashine kuukuu ya oksijeni. Umeme wa Kisangani ukaunguza kadi yake, ile bodi ya elektroniki inayoiendesha, ndani ya juma moja. Mimi, na kiburi changu cha diploma, nikatengeneza kadi nyingine, nikaiandikia mwenyewe programu ya kuiamsha.

Kazi yake ilikuwa ndogo: umeme ukirudi, ingoje sekunde tano ili kihisi, kile kijidude kinachopima hewa, kiwe tayari, kisha iwashe pampu. Kihisi kisipojibu, iwashe taa nyekundu na kusimamisha kila kitu.

"Mashini yako iko inakawia," papa aliniambia akihema, umeme akiuita courant kama wote huku kwetu. "Courant ikirudi, niko natazama tu ile pampu. Punguza, mutoto yangu."

Nikapunguza hadi nusu sekunde. Niliijaribu karakanani kwangu, kwenye betri yenye nguvu, tena na tena, na haikukosea hata mara moja. Papa akaniita injinia mbele ya wageni, nami nikavimba kichwa, mjinga mimi.

Nyumbani umeme hurudi kwa kujikokota, na kihisi huchelewa nao. Mchana mmoja, nikiwa kazini kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, ulikatika, ukarudi. Programu ikauliza mapema mno, haikujibiwa, ikawasha taa nyekundu, ikasimama. Mama, ambaye sikuwahi kumweleza maana ya taa nyekundu, alidhani umeme bado haujatosha. Akangoja. Nilipofika, majirani walikuwa wameshajaa uani.

Kwenye matanga kila mtu aliulaani umeme. Baada ya mazishi nikaifungua kadi, nikaona nilichofanya. Niliifuta ile nusu sekunde, nikaandika programu iulize, ingoje kidogo, iulize tena mpaka ijibiwe. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Nililia kwa uchungu, na kwa hasira juu ya nafsi yangu.

Mama aliamua mashine apewe mgonjwa mmoja wa parokia yetu, mwanamke mzee. Tukaipeleka pamoja. Umeme ulikuwa dhaifu siku hiyo, lakini pampu ikawaka.

"Ni mutoto yangu njo aliitengeneza," mama akamwambia. "Usiogope. Ni courant njo ilituulia papa yake."

Nikaitikia kwa kichwa.