Chumba Kilichokuwa Tayari Mno

Ilitangazwa rasmi, na kurudiwa katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kwamba shule zote za bweni, pasipo kubakiza hata moja, zimejiandaa kikamilifu kukikabili kirusi kipya. Kwamba kila shule ina muuguzi, ina sabuni, ina maji yanayotiririka, na ina chumba maalumu cha kuwatenga wagonjwa, kilicho tayari usiku na mchana. Na kwamba wazazi hawana sababu yoyote ya kuwa na hofu. Msemaji aliyetoa tangazo hilo alikuwa amevaa barakoa. Aliivua ili asikike vizuri, akakohoa kidogo, akaendelea.

Nesi wa mojawapo ya shule hizo alilisikia tangazo lilipotolewa mchana, akiwa amepiga magoti, anasugua sakafu ya chumba chenyewe, ambacho hadi asubuhi ile kilikuwa stoo ya madawati mabovu.

Wanafunzi walimwita Mama Joto. Tangu kirusi kianze kutajwa alikuwa akizunguka na kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, akimnyooshea kila anayekatiza mbele yake, kama askari aliyekabidhiwa bastola siku ya kwanza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye goti linalomuuma na ulimi unaouma wengine. Ujana wake wote aliumalizia katika wodi ya magonjwa ya kuambukiza ya hospitali kubwa, mpaka goti lilipokataa ngazi, ndipo akahamia shuleni, akapewa zahanati yenye kitanda kimoja na foleni isiyoisha ya watoto wanaougua tumbo kila kipindi cha hesabu.

Mwalimu Mkuu wa shule hiyo alikuwa mume wa dada yake. Mkuu aliamini kwamba yeye ndiye aliyempa shemeji yake kazi. Nesi aliamini kwamba yeye ndiye aliyempa Mkuu mke, kwa kunyamaza siku ya posa, na kwamba katika makosa yote aliyowahi kufanya maishani, hilo ndilo pekee ambalo halina dawa. Kwa msingi huo walifanya kazi pamoja.

Chumba alikipata kwa vita. Mwalimu wa michezo alidai ni cha mipira, mtunza stoo alidai ni cha stoo, na Mkuu alidai suala hilo linahitaji kikao. Nesi hakungoja kikao. Aliyatoa madawati mwenyewe, moja baada ya jingine, akayatupa uwanjani mbele ya ofisi, na wote wakatoka kumzomea bila hata mmoja kumshika mkono. Kufikia jioni palikuwa na vitanda viwili vilivyoachana, madirisha mawili yanayopitisha hewa, ndoo yenye bomba, sabuni, pipa la taka lenye kifuniko cha kukanyagia. Basi. Alisimama mlangoni akakitazama, na kwa muda mfupi akawa mtu mwenye furaha, jambo lililowatia wasiwasi waliomwona.

Kilichokiponza chumba ni uzuri wake. Mkuu alikuja kukikagua kwa nia ya kukikosoa, akajikuta anakanyaga kifuniko cha pipa mara mbili.

"Shemeji," alisema, "hiki sasa ni chumba."

Kesho yake akaja fundi rangi. Keshokutwa yakaja mapazia, shuka nyeupe na ua la plastiki. Siku iliyofuata ikaja kufuli, na juu ya kufuli utepe mwekundu, kwa sababu Afisa kutoka wizarani alikuwa aje kukizindua chumba Alhamisi, au Alhamisi nyingine, ikitegemea mafuta ya gari. Ufunguo ukaingia mfukoni mwa Mkuu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkuu aliielewa methali hiyo kwa maana ya kwamba mwenyeji asithubutu kuugua kabla mgeni hajafika.

Msichana wa kidato cha pili hakuwa na habari hizo, akaugua Jumanne.

Aliamka na homa, na vipele vya maji viganjani. Bweni lao lilikuwa la vitanda vya ghorofa, vilivyobanana hivi kwamba msichana akigeuka usingizini, jirani yake ndiye anayekosa shuka. Mama Joto alimtoa humo akiwa amejifunika khanga kichwani, akamkalisha kwenye benchi nyuma ya zahanati, akapiga simu kituo cha afya. Wakaja, wakachukua sampuli, wakampa maelekezo.

"Mtengeni hapa hapa," alisema daktari, akipanda gari. "Wodi yetu imejaa mpaka varandani. Nyie si mna chumba? Nimesikia redioni."

Nesi akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu. Hakubisha hodi.

"Mkuu, nipe ufunguo."

"Kwanza watu husalimiana."

"Hujambo. Ufunguo."

"Wa nini?"

"Nina mgonjwa."

"Mmoja?"

"Ulitaka wangapi?"

Mkuu alikiweka kikombe chake cha chai mezani taratibu, kama mtu anayejiandaa kumweleza mtoto kwa nini mvua inanyesha. "Nesi, kile chumba kiko tayari."

"Ndiyo maana nakitaka."

"Hunielewi. Kikilaliwa hakitakuwa tayari tena. Kitakuwa kimetumika. Afisa anakuja Alhamisi kuona chumba kilicho tayari, halafu mimi nimwonyeshe nini? Kitanda chenye mtu?"

Nesi alimnyooshea kipimajoto kwenye paji la uso, akasoma namba.

"Huna homa," alisema. "Basi ni akili."

"Usinivunjie heshima! Nyumbani mimi ni shemeji yako. Hapa mimi ni Mkuu!"

"Hata nyumbani sijaona faida yake."

"Mlaze zahanati."

"Zahanati ndiko shule nzima inakopita. Ni afadhali nimlaze getini awe anawapa mkono."

"Basi mrudishe bwenini, ageukie ukutani," alisema Mkuu. "Ni siku mbili tu. Na ukitoka, funga mlango."

Nesi alitoka, akauacha wazi.

Hakuwa amefika zahanati simu ikaita. Alikuwa dada yake. Mume alikuwa ameshamshtaki. Katika hilo hakuwahi kuhitaji kikao.

"Wewe mtoto," dada alianza, kwani kwake mdogo wake alikuwa mtoto hata na mvi zake, "unamtukana mume wangu mbele ya watu?"

"Tulikuwa wawili tu, dada."

"Mume wangu ni watu! Kila siku wewe na mdomo wako. Mtu amehangaika na mapazia, amekosa usingizi, unamwambia hana akili? Ungekuwa na adabu ungekuwa na mume."

"Ningekuwa na wako ningekuwa na adabu ya kukaa kimya. Dada, anataka nimrudishe mtoto bwenini. Alale na wenzake."

"Si alale! Homa tu."

"Unakikumbuka kile kitanda?"

Utotoni mwao, mdogo wao mmoja alipopata surua, mama yao aliwalaza watoto wote wanne kitanda kimoja, ili waugue pamoja na yeye auguze mara moja. Ndivyo majirani walivyoshauri, na ndivyo ilivyokuwa: waliugua pamoja. Hawakupona pamoja. Waliotoka kitandani ni hao wawili waliokuwa sasa wakitukanana kwenye simu.

"Usinianze," alisema dada, sauti ikiwa imeshuka.

"Sikuanzi. Nakuuliza."

"Huyo mtoto ana umri gani?"

"Kumi na minne."

Dada alipumua kwa nguvu, kama anayenyanyua sufuria zito. "Lile kochi la ofisini kwake nililichagua mimi," alisema. "Ni refu. Na bado nasema huna adabu." Akakata simu.

Saa nne Mkuu alikwenda mstarini kuwahutubia wanafunzi kuhusu umuhimu wa kunawa mikono. Hotuba ilikuwa nzuri, na ndefu. Aliporudi aliukuta mlango wa ofisi yake uko wazi, madirisha yote yako wazi, na mbele ya mlango kuna ndoo yenye bomba. Kwenye kochi la wageni, amefunikwa shuka la bweni, alilala msichana. Nesi, amevaa barakoa na glavu, alikuwa anapangusa meza ya Mkuu kwa dawa ya kuua vijidudu, pamoja na picha ya harusi.

"Toka!" alinguruma Mkuu.

"Ingia unitoe," alijibu nesi, bila kugeuka.

Mkuu alikuwa mtu jasiri. Aliwahi kuzima mgomo wa wanafunzi mia sita akiwa na filimbi tu. Lakini mlango ulio wazi ulimshinda. Alisogeza mguu mmoja, akautazama, akaurudisha.

"Faili zangu!"

"Nitakupitishia dirishani nikishazipangusa."

"Na simu ya mezani?"

"Anaongea na mama yake."

"Nitakuandikia barua ya onyo! Leo hii hii!"

"Karatasi ziko huku ndani, Mkuu."

Msichana alicheka, akakohoa, akaomba radhi. Mkuu alihamishia mamlaka yake chini ya ngazi, kwenye dawati moja kati ya yale mabovu, ambalo ilimlazimu kuushikilia mguu mmoja wa dawati kila anapotia saini. Kwa siku mbili hakumsemesha nesi ila kwa kupitia watu, na nesi hakumjibu ila kwa kupitia hao hao, na maneno yaliyobebwa kwenda na kurudi hayaandikiki.

Alhamisi Afisa alifika. Alikata utepe, akafunguliwa kufuli, akaingia, akaligusa ua la plastiki, akasema kwamba laiti shule zote zingekuwa na moyo huu. Walimu wakapiga makofi. Nesi hakupiga, alisema ana glavu.

Matatizo yalianza baada ya hapo, kwa kuwa hakuna mgeni wa serikali anayeweza kuondoka shuleni bila kusaini kitabu cha wageni, na kitabu cha wageni hukaa ofisini kwa Mkuu.

"Ofisi inapakwa rangi," alisema Mkuu haraka.

Kutoka dirishani kikasikika kikohozi.

"Fundi wenu anakohoa," alisema Afisa.

"Ni rangi," alisema Mkuu.

"Rangi kali," nesi aliunga mkono, ikiwa ndiyo mara ya kwanza wawili hao kukubaliana jambo tangu siku ya posa. "Na mwingine akiivuta, anaanza kukohoa naye."

Afisa alimtazama nesi, akaitazama ndoo, akamtazama Mkuu aliyekuwa anatabasamu kwa meno ya juu tu. Alikuwa mtumishi wa muda mrefu. Alijua maswali yapi yana majibu. Kitabu kililetwa kikiwa kimelowa dawa. Alikisaini akiwa wima, mikono imenyooka, na gari liliondoka kabla dereva hajafunga mlango.

Majibu ya sampuli yalikuja: ni kirusi chenyewe. Bwenini mwa yule msichana hakuna mwingine aliyeugua. Alitoka kwenye kochi baada ya magamba ya vipele kudondoka, akarudi darasani akiwa na sifa isiyofutika ya kuwa mwanafunzi pekee aliyewahi kula uji kwenye meza ya Mkuu. Wizara ikaisifu shule kwa kudhibiti maambukizi, ikakipa cheti chumba cha kuwatenga wagonjwa. Cheti kikatundikwa ndani ya chumba, na chumba kikafungwa tena, ili cheti kisiibiwe. Dada alimpigia nesi simu kumwambia kwamba hana adabu, na kwamba Jumapili aje kula.

Mwezi uliofuata, wavulana wawili waliamka na homa. Mwalimu Mkuu hakungoja kuambiwa. Alichukua faili zake na kikombe chake cha chai, akahamia chini ya ngazi.