Malkia Aliyefungua Lango

Jumamosi nilikuwa saluni moja ya Mirongo, na runinga ilikuwa inaonyesha ile tamthilia ya majoka iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Vita vimepamba moto, malkia akashuka, akamfungulia kaka yake, adui wa mumewe aliyekuwa anafukuzwa na joka, lango la ngome ya mumewe. Saluni nzima ikalipuka!

"Msaliti huyo!" alipayuka mama mmoja aliyekuwa anasukwa, akipiga kiti kwa kiganja. "Ng'ombe wa mahari walishapokelewa kwao. Sasa yeye ni wa kwa mumewe!"

"Kwa hiyo kaka yake aliwe na joka?" msusi akamuuliza, kitana kikiwa hewani.

"Aliwe! Si alishaoa kwa ng'ombe hao hao wa mahari ya dada yake?"

Tulipiga makofi. Hoja ilikuwa imekwisha kabisa.

Ndipo simu ya yule mama ikaita. Akasikiliza, uso ukabadilika. "Kaka, umeshafika nyumbani kwangu Mkolani? Shemeji yako amekataa kukufungulia geti? Usiondoke hapo. Nakuja kufungua mwenyewe!"

Akajifunga kanga kiunoni, akatoka mbio, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande wa pili nywele zimesimama wima.

Ndugu msomaji, hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumuuliza yuko upande gani.